Niuziwe Seva au Niende Winguni?

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Tanga mjini. Tangu mume wangu afariki, miaka sita sasa, ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi alilolianzisha hapa Ngamiani. Tuna ghala Pongwe na tawi dogo Muheza, na wafanyakazi wote pamoja ni 14. Kompyuta tunazo saba: nne dukani, mbili ghalani na moja Muheza. Hesabu zote, yaani mali iliyoingia na iliyotoka, pamoja na madeni ya mafundi wanaochukua saruji na nondo kwa ahadi ya kulipa wakishalipwa na matajiri zao, zilikuwa kwenye kompyuta moja ya mhasibu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika mchana, ukarudi, ukakatika tena papo hapo, kisha ukarudi kwa nguvu. Kompyuta ya mhasibu ilitoa harufu ya kuungua na haijawaka tena. Mhasibu wetu, mzee mwaminifu aliyefanya kazi na marehemu tangu mwanzo, alinituliza kwa kunionyesha flashi aliyoifunga kwenye shada la funguo zake, akasema kila Ijumaa hunakili humo hesabu zote. Tulipoichomeka kwenye kompyuta nyingine, tulikuta faili la mwisho ni la miezi minne nyuma, na hilo nalo likakataa kufunguka. Wiki ya tatu sasa tunadai watu kwa kumbukumbu na vipande vya karatasi. Wapo wateja waliokuja wenyewe kusema wanadaiwa, Mwenyezi Mungu awazidishie, na wapo walionyamaza.

Nimeletewa ushauri wa aina mbili. Kampuni moja ya Dar es Salaam imenipa profoma ya shilingi milioni 26 kwa ajili ya seva, yaani kompyuta kuu ambayo nyingine zote zitaitegemea, kabati lake la chuma na kiyoyozi cha chumba kitakamowekwa. Mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye ndiye aliyetufungia mtandao wote na ndiye pekee anayezijua nywila zake, anasema hizo ni fedha za kutupa, na kwamba kila kitu kiwekwe winguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine tutakazozifikia kwa intaneti, tulipe mwezi kwa mwezi. Wawili hawa nusura watupiane maneno mbele ya wafanyakazi. Mimi kompyuta siijui zaidi ya kuangalia mauzo ya siku. Ninaweza kutoa milioni 12 mwaka huu bila kuyumbisha mtaji. Nimsikilize nani?

Mama wa Ngamiani, Tanga


MAJIBU

Dada yangu wa Ngamiani,

Wa alaykum salaam. Pole kwa hasara, na pole zaidi kwa wiki tatu za kudai kwa kumbukumbu. Kabla hatujafika kwenye seva na wingu, liko jambo lisilongoja: ile kompyuta iliyoungua iko wapi sasa? Hukusema kama kuna mtu aliyeifungua na kuitoa diski yake. Umeme unaporudi kwa kishindo, mara nyingi kinachoungua ni kile kisanduku cha kugawa umeme kilicho nyuma ya kompyuta, ilhali diski yenye hesabu zako inaweza kuwa nzima kabisa. Mpe fundi unayemwamini aitoe na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa adapta, kazi ambayo haimalizi hata saa moja, na anakili kila kilichomo kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Asijaribu kuweka Windows upya juu ya diski hiyo, hata akikwambia ndiyo njia ya haraka. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, aizime papo hapo na asiiwashe tena, kwa sababu kila dakika inayozunguka katika hali hiyo hujikwangua, na hapo itabidi itafutwe karakana yenye vifaa maalumu vya kuokoa data. Ikiwa mmekwisha kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mfuateni mnunuzi leo hii.

Sasa swali lako. Nimezisoma hoja za pande zote mbili jinsi ulivyozieleza, na naona hakuna aliyejibu kilichokupata. Seva ya milioni 26 ikichomekwa kwenye ukuta uleule ingeungua vilevile, tena kwa bei kubwa zaidi, na wingu lisingekusaidia siku ambayo kijana ameugua na hakuna mwingine anayejua jinsi ya kuingia. Kilichokuangusha ni kwamba riziki ya watu 14 ilikaa ndani ya kompyuta moja isiyo na kinga ya umeme, na nakala pekee haikupata kujaribiwa hata siku moja. Kwa hiyo fedha zako zianze na umeme, zifuate nakala, kisha waya, na mashine kubwa ije mwisho, kama itahitajika.

Umeme, basi. Mwombe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime waya wa ardhi wa jengo lako, kwani katika nyumba nyingi za zamani za Ngamiani soketi ina matundu matatu lakini tundu la tatu halijafungwa na chochote. Baada ya hapo kila kompyuta ya mezani iwe na UPS yake, yaani kisanduku chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa muda mfupi unapokatika. Ukubwa wa UPS huandikwa kwa VA, ambayo si sawa na wati, na wauzaji wengi hawajishughulishi kueleza tofauti hiyo: iliyoandikwa 650 VA kwa kawaida hubeba chini ya wati 400. Kompyuta ya ofisi pamoja na kioo chake hutumia kama wati 100 hadi 150, kwa hiyo kisanduku hicho kitampa mhasibu dakika kumi hivi, ambazo zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe humo kamwe, kwa sababu inapopasha moto roli lake huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuizima UPS pamoja na kila kilichoitegemea. Ruta, inayoleta intaneti, na swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao wa kompyuta, nazo ziwe na UPS yao ndogo, kwani zinatumia umeme kidogo sana na zinaweza kuendelea kwa muda mrefu baada ya kompyuta kuzimwa. Betri ya ndani huchoka kwa miaka mitatu hivi, na kwa joto la pwani yetu pengine chini ya hapo. Andika tarehe ya kununua mgongoni mwa kila kimoja kwa kalamu isiyofutika, la sivyo utagundua kuwa betri imekufa siku ileile uliyoihitaji.

Kwa Pongwe na Muheza ningependelea kompyuta mpakato badala ya za mezani, kwa kuwa zina betri zake zenyewe. Zikae juu ya meza, mbali na vumbi la saruji na mbali na dirisha linaloingiza upepo wa bahari. Niliwahi kufungua kompyuta ya ofisi moja hapa Tanga iliyokuwa ikijizima kila alasiri, nikakuta mjusi mkavu amelala juu ya ubao wa ndani, na pembeni yake shaba imeota kutu ya kijani kwa chumvi. Mwenye ofisi alikuwa amekwisha kulipia programu mbili za kuua virusi.

Nakala ndilo jambo ambalo ningekuomba ulisimamie wewe mwenyewe, hata kama hujui kompyuta, maana halihitaji ujuzi, linahitaji ukali wa mwenye mali. Mafundi duniani kote wana kanuni wanayoiita tatu, mbili, moja: hesabu ziwe katika nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe nje ya jengo. Kwako wewe maana yake ni hii. Nakala ya kwanza ni ile inayofanyiwa kazi dukani. Ya pili iwe kwenye diski ya nje, na diski hizo ununue mbili: kila Alhamisi jioni moja inachomekwa, inanakiliwa, inachomolewa na kwenda nyumbani kwako, na ile iliyokuwa nyumbani inarudi dukani kungoja zamu yake. Ya tatu ipande winguni yenyewe kila usiku. Nasisitiza kuchomoa, kwa sababu ziko programu haribifu zinazofunga mafaili yote kwa ufunguo wa siri na kudai fidia, na diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Mwezi Mei 2017 programu ya namna hiyo iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa siku chache, ikizipata kompyuta za Windows ambazo hazikuwa zimewekewa marekebisho yaliyotolewa miezi miwili tu kabla yake.

Flashi ya mzee wako isimletee lawama. Alifanya alichoelekezwa, ila hakuna aliyewahi kumwambia aifungue. Kuanzia sasa, kila mwisho wa mwezi mhasibu achukue nakala, aifungue kwenye kompyuta ambayo si yake, akuonyeshe kwa macho yako deni la mteja mmoja utakayemtaja wewe papo hapo. Deni likionekana, nakala ipo. Lisipoonekana, hakuna nakala, hata kama taa ya diski inawaka.

Kuhusu wingu, kijana wako ana hoja, lakini ameivuta kupita urefu wake. Barua pepe, nyaraka, orodha za bei na nakala za usiku zinafaa kabisa kuwa winguni, wala sioni sababu ya kununua mashine kwa ajili ya vitu hivyo. Ninachokihofia ni dirisha la mauzo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja kusini mwetu kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kusuasua au haipo kabisa. Siku kama ile, duka ambalo kitabu chake chote kiko winguni lina wateja mlangoni na halijui lina mifuko mingapi ya saruji. Kuwa na laini za kampuni mbili ni jambo jema kwa hitilafu za kawaida, na ninakushauri uwe nazo, lakini hakusaidii kitu ikiwa kampuni zote mbili zinapitia waya uleule wa baharini. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, nayo haichukui nafasi ya daftari, kwa kuwa inajua ulichouza na haijui nani hajakulipa.

Kwa sababu hiyo ningetaka hesabu za mauzo na madeni ziishi dukani, na wingu liwe ghala la nakala. Kwa kompyuta saba huhitaji kabati la chuma wala chumba chenye kiyoyozi. Kompyuta moja nzuri ya mezani isiyokaliwa na mtu, iliyotengwa kwa programu ya hesabu peke yake, yenye diski mbili pacha zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, itakufaa kwa miaka mingi. Diski pacha hukuokoa moja inapokufa, lakini hazihesabiwi kuwa nakala ya akiba, kwani karani akifuta jina la mteja kwa bahati mbaya, jina hilo hufutika pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Pongwe na Muheza ndipo penye mtego, na hapa ningeibana ile kampuni ya Dar es Salaam kwa swali moja: intaneti ikikatika saa nne asubuhi, mteja wa Muheza atauziwaje bati? Chagua programu ya hesabu inayomruhusu karani wa tawi kuuza bila mtandao na kupeleka taarifa dukani mtandao ukirudi. Wakikujibu kwamba tawi litaingia moja kwa moja kwenye seva ya dukani, waulize wataingia kwa njia gani. Laini za simu kwa kawaida hazimpi mteja anwani yake mwenyewe ya intaneti, hivyo seva iliyo nyuma ya laini kama hiyo haifikiki kirahisi kutoka nje, na mafundi wengine hulitatua hilo kwa kununua anwani ya kudumu na kuuacha wazi mlango wa kuitawala kompyuta kutoka mbali. Mlango huo ukiachwa wazi kwa dunia nzima, wezi huufikia kwa programu zinazobisha hodi kila anwani usiku na mchana, zikijaribu nywila moja baada ya nyingine. Matawi yaunganishwe kwa njia iliyofichwa kwa usimbaji, inayoitwa VPN, au yasiunganishwe.

Kabla ya kununua kompyuta yoyote, angalia zile saba ulizonazo. Microsoft ilisimamisha marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa, yaani chipu inayoiendesha kompyuta, ya karibuni: kwa zile za Intel, ni kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana. Sina ugomvi na kompyuta za mtumba, hata hii ninayoandikia ni ya mtumba, lakini usimlipe muuzaji kabla hajakufungulia ukurasa unaoonyesha kizazi cha prosesa, kwa sababu kwa nje zote zimepigwa msasa na kung'arishwa.

Waya hauna maneno mengi. Ndani ya duka tumia waya wa mtandao kwa kompyuta zote zisizohama, na intaneti ya hewani waachie wenye simu, maana kuta nene za mawe ya matumbawe hunyonya mawimbi na utakuwa unaongeza visambazaji kila mwaka. Kipande kimoja cha waya kisizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Ipo mitego kwenye maduka ya waya: waya mwingi wa bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa hewa ya chumvi hauchelewi kuharibika kwenye maungio. Fundi akwangue uzi mmoja kwa wembe mbele yako. Ukiona weupe ndani, rudisha boksi.

Umesema mnakopesha, kwa hiyo bila shaka mna namba za simu za wateja na pengine vivuli vya vitambulisho vyao. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka mwenye kukusanya taarifa za namna hiyo kujisajili kwenye Tume iliyoundwa na sheria hiyo na kuzilinda zisivuje. Basi vivuli hivyo visikae kwenye kompyuta ya kaunta wala kwenye simu ya karani. Kumbukumbu za kodi nazo zinatakiwa kutunzwa kwa miaka isiyopungua mitano, na hilo litakusaidia kuamua nakala za zamani zifutwe lini.

Limebaki la kijana wako. Kwa unavyomweleza sioni kama ana nia mbaya. Amekusaidia bila profoma, na anaumia kuona mgeni anasifiwa kwa kazi ambayo msingi wake aliuweka yeye. Mpe kazi hii kwa heshima na kwa malipo yanayoandikwa: yeye ndiye asimamie ufungaji wote, na ile kampuni, ukiihitaji, ifanye sehemu ndogo atakayoona inamzidi. Lakini funguo ziwe zako. Akaunti ya wingu, akaunti kuu ya ruta, na jina la tovuti linaloishia na co.tz kama mnalo, viandikishwe kwa jina la biashara na kwa namba ya simu ya biashara, wala si kwa barua pepe yake binafsi. Nimeona biashara ikikaa wiki mbili bila barua pepe kwa sababu fundi aliyeisajili alihamia mkoa mwingine na laini yake ya zamani ilikwisha kufungwa, na hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuhama.

Mkae pamoja siku moja baada ya duka kufungwa, wewe, yeye na mhasibu. Kijana aandike kwa mkono kila nywila na matumizi yake, kila mmoja wenu asaini juu ya kifuniko cha bahasha, nayo iingie kwenye kasiki. Nywila yoyote ikibadilishwa, bahasha ifunguliwe mbele yako, iandikwe upya, isainiwe tena. Na katika kikao hichohicho, usiagane nao kabla ya kumuuliza mhasibu ni nani atakayefanya nakala Alhamisi ambayo yeye hayupo.